Pumba Zisizotwangwa

Mikono yangu ndiyo iliyochoka kwanza, kabla ya kichwa. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa ukoo wetu, wanapohadithia mambo ya miaka ile, hupenda kunipa akili ambayo sikuwa nayo. Wanasema binti ndiye aliyegundua. Sikugundua kitu. Nilichoka, basi.

Tulikuwa tukikaa Shituru, mtaa wa kiwanda cha shaba kule Katanga, katika nyumba ya kampuni, vyumba viwili na jiko la nje, mimi na baba yangu tu. Mama alikuwa ameshafariki, na kaka zangu wawili walikuwa wamevuka kwenda Zambia kutafuta maisha. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwanza shule ilikosa chaki, kisha ikakosa walimu, maana hakuna aliyetulipa na njaa haina nidhamu. Nikarudi nyumbani kukaa na mzee.

Baba alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika maabara ya kiwanda, chumba cha sampuli. Waliletewa mawe kutoka mgodini, wakayakausha katika trei za moto, wakayasaga, kisha wakayapitisha kwenye tamisi. Tamisi ni chekeche za duara, za shaba ya njano, zenye wavu wa waya chini, na kila moja ina namba yake. Namba kumi hupitisha chembe za ukubwa wa punje ya mtama. Namba thelathini hupitisha mchanga. Namba mia hupitisha vumbi tu, laini kama poda ya mtoto mchanga. Zilipangwa moja juu ya nyingine, kubwa juu, laini chini, na baba alizitikisa hadi kila chembe ikapata kiti chake.

Kisha kiwanda kikapunguza kazi, mishahara ikachelewa, ikakoma. Wakamwambia arudi nyumbani, wangemwita. Alingoja wito huo akiwa amevaa shati la kazi, limepigwa pasi, kila Jumatatu akienda getini na wazee wenzake kuuliza habari. Mkuu wa chumba chake, siku ya kuagana, alimpa tamisi tatu kuukuu zilizokuwa zimekwisha kufutwa kwenye orodha: ya kumi, ya thelathini na ya mia. Alizitundika kwenye msumari juu ya kitanda chake, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya Bwana.

Alikuwa na sheria mbili, na sisi watoto wake tulizijua kabla ya Amri Kumi. Ya kwanza ni kwamba jiwe zima ni bahili. Ukitaka likupe shaba, alisema, lisage mpaka likose pa kuificha. Aliitumia sheria hii kwa kila kitu, kwa chumvi, kwa tumbaku, hata kwa vidonge vya malaria, ambavyo alitusagia tukiwa wadogo tukauonja uchungu wake wote. Ya pili ilihusu matokeo. Katika maabara, alituambia, kukosea hakumfukuzishi mtu kazi. Unakosea, unaandika, unarudia. Anayefukuzwa ni yule anayeficha tokeo baya ili mkubwa asikasirike.

Ile ya kwanza ilinichosha mikono. Ya pili nitaifikia.

Wadudu waliingia nyumbani kwetu ndani ya gunia. Nilikuwa nimepewa pumba za mahindi kwenye mashine ya kusaga, zilizokaa kwa muda mrefu pembeni mwa ukuta, na nilipozimwaga nyumbani zikawa zinatembea. Mabuu ya manjano, marefu kama kiungo cha kidole, magumu kidogo kwa nje. Nilitaka kuyatupia kuku wa jirani. Baba akanizuia. Akayaweka kwenye sinia, akavaa miwani yake, ambayo wakati huo bado ilikuwa nzima, akayatazama kama anavyotazama mtu aliyeandikiwa barua. Kisha akaomba kikaango na chumvi.

Yalikuwa na ladha ya karanga zilizochomwa. Kwetu sisi si ajabu mtu kula mdudu. Vinkubala, wale viwavi wa miti ya porini, vinaliwa kwa bukari, ugali wetu, katika kila nyumba ya Katanga, na mgeni asiyevila tunamhurumia. Ila vinkubala vina msimu wake, na miaka ile hata vikavu vya sokoni vilikuwa vimetupita kimo. Nyama tulikuwa tunaisikia tu, kwa watu waliosimulia. Baba akasema kwamba kama mabuu haya yanakula pumba na kugeuka mafuta, basi haya yatakuwa vinkubala vyetu vya nyumbani. Watu wa mtaa baadaye waliviita vinkubala vya pumba, na jina likashika.

Makao yao tulikuwa nayo. Jirani yetu, familia ya Kasai iliyoondoka kwa treni pamoja na wengine wote mwaka ule watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, ilituachia kabati kubwa la nguo tuwatunzie mpaka watakaporudi. Lilikuwa na droo sita, ndani zimepakwa vanishi, laini, mdudu hawezi kupanda akatoka. Tulizichomoa tukazipanga kwenye mbao katika chumba changu. Mabuu yalikula, yakakua, yakalala kama yamekufa, yakaamka yakiwa vidudu weusi wenye mabawa yasiyoruka. Weusi hao walitaga mayai, wakafa, na mambo yakaanza upya. Mzunguko wote ulichukua miezi mitatu hivi, na zaidi katika baridi ya Juni na Julai.

Tamisi zilisaidia kweli, lazima niseme haki. Kinyesi cha mabuu ni kama mchanga mkavu. Ukimwaga droo nzima kwenye tamisi ya thelathini na kutikisa, uchafu unapita na mabuu yanabaki juu, masafi. Nilimwona baba akitikisa na midomo yake ikihesabu kimya, na nikamshukuru Mungu kwamba mzee amepata kitu cha kushika.

Lakini chakula chao. Hapo ndipo sheria ya kwanza ilipoingia ndani ya nyumba na kukaa kitako.

Baba alisema pumba nzima ni bahili kama jiwe. Mdudu ana tumbo dogo, hawezi kuitoa nguvu iliyo ndani, kwa hiyo lazima tuitoe sisi kwa kutwanga, mpaka zote zipite tamisi ya mia. "Sisi" ilikuwa ni mimi. Kila asubuhi nilisimama jikoni na kinu na mchi, nikitwanga pumba. Pumba si mahindi. Ni nyepesi, zinaruka, hazivunjiki, zinakwepa mchi kama mtoto anayekwepa kuogeshwa. Nikitwanga saa nzima ninapata kikombe. Nikampelekea baba, akachekecha kwenye wavu, na kilichobaki juu akanirudishia. "Rudia," alisema, bila ukali, kama mtu anayesema amina. Nikarudia. Jioni mabega yalikuwa yanawaka, na nililala na mikono juu ya mto mwingine kama mikono ya mgeni.

Na baada ya hayo yote, mabuu hayakukua. Yalikuwa membamba, yamesinyaa, mengine yakifa chini ya droo. Tuliyapa maganda ya viazi vitamu ili yapate maji, na kila palipoguswa na ganda vumbi liligeuka kuwa tonge gumu. Baba alitazama, akafikiri, akasema haijalainika vya kutosha. Majirani walitucheka waziwazi, na walikuwa na haki, kwa sababu mwaka ule kulikuwa na nyumba ambazo pumba ndiyo ilikuwa chakula cha watu, na sisi tunailainishia funza.

Siku niliyochoka kabisa ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa nimetoka kuumwa malaria wiki nzima, miguu bado laini, na baba alikuwa ameenda getini. Droo ya chini kabisa, iliyo karibu na ukuta unaopakana na jiko, ilikuwa haina chakula. Nikautazama mchi. Ninakumbuka vizuri kwamba niliusemesha, nikauambia leo usinitazame. Nikamwaga pumba kama zilivyotoka mashineni, bapa, nene, na juu yake nikanyunyiza konzi ya vumbi lililosalia ili zifanane na nyingine. Kisha nikalala.

Siku iliyofuata nilifanya vivyo hivyo kwa droo ile ile, na iliyofuata pia, kwa sababu uvivu ukishaonja hauishii njiani. Baada ya wiki kadhaa, droo ile ikaanza kutoa sauti. Ukiinamisha sikio ungesikia mchakacho, kama mtu anayetembeza vidole kwenye majani makavu. Nikafunua. Mabuu yalikuwa manene, yanang'aa, yanapita katikati ya pumba kama watu wanaojua njia za mtaa wao.

Nilikaa pale sakafuni nikayaangalia kwa muda mrefu, na ndipo nikaelewa. Katika vumbi la baba hakuna nafasi. Vumbi linajaza kila tundu, hewa haipiti, unyevu kidogo tu unalifunga, na mdudu aliye chini anazikwa akiwa hai katika chakula chake. Pumba nzima zinaacha vijia. Mdudu anapita, anapumua, anaanzia ukingoni mwa kila kipande na kukila polepole. Alikuwa na meno yake mwenyewe. Hakuhitaji yangu.

Jioni ile baba aliweka sikio kwenye mbao akasikia. Akapapasa droo ya chini, akaokota buu moja, akalipima kiganjani, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu mazishi ya Mama. Nilifungua mdomo nimwambie. Yeye akawahi.

Akasema ni ukuta. Ukuta wa jiko una joto, na joto ndilo lililokosekana. Akaniambia nichukue daftari, lile la mazoezi la shule ambamo tuliandika mambo ya droo, niandike kwamba droo ya chini imepewa pumba za namba mia pamoja na joto la ukuta. Nikaandika. Siku ya pili tukahamishia na zile tano nyingine kwenye ukuta ule.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko inavyostahili. Nilijiambia namhurumia. Kazi ilikuwa imemwacha, mke amemwacha, wanawe wamevuka mpaka, amebaki na tamisi tatu na sheria. Sasa mimi, kwa uvivu wangu, nimwondolee na sheria? Hiyo ni kweli lakini si yote. Nyingine ni kwamba niliona haya kukiri kuwa nilipokea malipo mema kwa kazi ambayo sikuifanya. Na nyingine ni mikono. Nilijua nikisema, atataka kujaribu upya kwa utaratibu, droo hii imetwangwa na hii haikutwangwa, na mtwangaji ni nani?

Basi nikaendelea, sasa kwa droo zote sita. Miwani yake ilikuwa imevunjika, aliikalia mwenyewe, na vidole vyake vilikuwa vimekufa ncha kwa miaka mingi ya kushika trei za moto. Angeweza kuokota kaa la moto na kukumbuka kulitupa baadaye. Alipotumbukiza mkono katika droo aligusa vumbi nililonyunyiza juu, akasema sawa, bunga hiyo, yaani ni unga kweli. Kuchekecha nako nilikuchukua mimi, nikisema macho yake yapumzike, na kila asubuhi nilitwanga konzi moja ya kweli kwa ajili ya juu. Halafu nikaweka tambara ndani ya kinu na kupiga mchi juu yake mpaka muda uliozoeleka uishe, ili asikie. Watu husema kutwanga maji kwenye kinu. Mimi nilitwanga tambara, miezi saba.

Miezi hiyo ilikuwa mizuri, na ndiyo inayoniuma. Tulikula. Tulibadilishana vinkubala vya pumba kwa chumvi, kwa unga wa muhogo, kwa sabuni. Baba alinyoa ndevu. Watu walikuja uani kutazama, naye akawaeleza namba za tamisi akiwa amesimama wima, na wazee wa getini wakaanza kumwita Profesa, kwa utani kwanza, kisha bila utani. Mimi nilikaa pembeni na daftari langu la uongo. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ile yangu ilikuwa na kona nyingi sana.

Miongoni mwa waliokuja alikuwepo mjane wa ng'ambo ya barabara. Alikuwa mama wa watoto wanne, mtu wa maombi, na riziki yake ilikuwa Kakontwe, kwenye mawe ya chokaa. Wanawake walikaa chini kule na nyundo ndogo wakivunja mawe kuwa kokoto, kila mmoja na rundo lake. Mahali pako ni mali. Ukipata penye kivuli unapalinda, na ukikosa siku tatu mwenzako amekalia. Yeye alikuwa nacho kivuli. Lakini alikuwa pia na kikohozi, na mara nyingine alikohoa mate meupe.

Alimwomba baba amfundishe. Sijawahi kumwona mzee akifundisha kwa furaha vile. Alimpa vidudu weusi wa kuanzia na mabuu ya kukuza, droo moja, na mwisho akaingia chumbani akarudi na tamisi ya mia yenyewe, aliyoitoa kwenye msumari, akamwazima. Akamwambia zote zipite hapa, mama, usimwonee huruma mchi. Mjane akaipokea kwa mikono miwili. Siku iliyofuata hakwenda Kakontwe, wala iliyofuata, wala tena. Alikuwa ameamua.

Nilimsindikiza mpaka barabarani siku ile. Pale ndipo ningesema. Nilichosema ni kwamba asijichoshe sana na kutwanga. Akacheka akasema Papa amesema namba mia, na namba mia ndiyo atakayoifuata, yeye si mtu wa kubishana na aliyesoma. Nikarudi ndani.

Tangu hapo, kila asubuhi mtaa wetu ulikuwa na michi miwili. Wa kwake ulianza kabla ya mwanga, mzito, hausimami. Wangu ulipiga tambara. Nikisimama kupumzika nilimsikia yeye hajasimama, na jioni tena, baada ya watoto kula kile kidogo, nikausikia mchi wake. Nilikuwa nikijifunika shuka kichwani. Kila siku nilijiambia kesho nitavuka barabara.

Alikuja yeye, mchana, na beseni kichwani. Wanawake watatu wa kikundi chake cha maombi walimfuata. Akatua beseni uani mbele ya baba na kufunua kitambaa, na harufu chungu ikatoka, ya togwa iliyoharibika. Ndani kulikuwa na donge moja la manjano yenye ukungu, gumu juu na bichi chini. Alilimega, na mabuu yalikuwa yamelala ndani yake, meusi, yamekufa. Tamisi aliifunga kwa kitambaa chake safi, akaiweka kando, imeoshwa.

"Papa, nilikosea fasi gani?" akauliza. Hakukuwa na lawama. Alitaka kujua kweli.

Baba akainama akanusa. Akapapasa donge kwa vidole vyake vilivyokufa. Alimuuliza aliwapa maganda gani, droo aliweka wapi, na kila jibu lilikuwa sahihi, kama alivyofundishwa. Nikaona uso wake unafungika. Droo zake tano zilizobaki zilikuwa zinachakacha chumbani; sheria yake ilikuwa imethibitishwa miezi saba katika daftari. Kwa hiyo kosa lilibaki mahali pamoja tu.

"Mama, weye haukutwanga," akasema. "Hii harufu ni ya buvivu."

Alilisema mbele ya wale wanawake watatu. Kwetu, mwanamke anaweza kuitwa maskini, anaweza kuitwa mgomvi, akaenda zake. Kuitwa mvivu, mjane, mbele ya wanaoomba naye, ni kumwambia kwamba watoto wake wana njaa kwa kupenda kwake. Alifungua vitambaa alivyofunga viganjani, polepole, kwa sababu vilikuwa vimegandamana na nyama, akanyoosha mikono.

"Mikono yangu njo hii, Papa."

Baba alikodoa macho. Hakuweza kuona. Akanigeukia mimi, niliyekuwa mlangoni, nikitamani ukuta unimeze.

"Angalia weye," akaniambia. "Uniambie."

Nikasogea nikaangalia. Malengelenge yalikuwa yamepasuka na kuota mengine juu yake. Katikati ya kiganja cha kulia ngozi ilikuwa imeondoka kabisa, mahali pale pale ambapo mchi hukaa. Nilipajua. Mimi pia niliwahi kuwa napo, kabla ya tambara. Sasa mikono yangu ilikuwa laini kama ya karani. Sijawahi kuona aibu kama ile, na sasa ni mwanamke mtu mzima niliyeona mengi.

"Papa, huyu mama alitwanga," nikasema. "Mwenye hakutwanga ni minye."

Nikayasema yote, pale nimesimama, malaria, droo ya chini, vumbi la juu, tambara. Nilipomaliza, mjane alifunga mikono yake upya, mmoja wa wanawake akamsaidia fundo, akainua beseni lake. Akaaga kwa heshima, kama kawaida. Wakaondoka wote wanne.

Nilingoja baba anipige, ingawa hakuwahi kunipiga. Alikaa kwenye kigoda chake, mikono juu ya magoti. Kisha akauliza tangu lini. Nikamwambia. Akauliza droo ngapi. Nikamwambia zote sita.

"Tamisi ya ngapi?"

Nikamwambia hakuna tamisi, ni pumba kama zilivyotoka mashineni. Akasema haiwezekani kuwa hakuna, kila kitu kina namba yake, nilete gunia. Akazipanga tamisi tatu kama alivyozipanga maisha yake yote, akamwaga pumba juu, akatikisa. Macho yake hayakufaa kitu, kwa hiyo mimi ndiye niliyesoma: nyingi zimebaki kwenye ya kumi, kidogo kwenye ya thelathini, chini ya ya mia karibu hakuna kitu. Akaniamuru nichukue daftari. Nilidhani ataniambia nichane kurasa. Akasema karatasi haichanwi. Tukarudi nyuma mwezi kwa mwezi, ukurasa kwa ukurasa, na kila palipoandikwa "namba mia" nikapiga mstari mmoja, ili ya zamani isomeke, nikaandika juu yake "namba kumi, haikutwangwa". Ilituchukua mpaka jua likashuka. Hakupandisha sauti hata mara moja. Mara moja tu, katikati ya mwezi wa tano, aliuliza kama joto la ukuta lilikuwa kweli au nalo pia. Nikamwambia joto ni kweli kidogo, Papa. Akatikisa kichwa, akasema andika "kidogo".

Tulipofunga daftari alinitazama, au alitazama upande nilipokuwa.

"Uliwaza minye niko mutu wa kufa juu ya pumba?"

Nilikuwa nimemtunzia heshima isiyo yake. Nilidhani heshima ya mzee yule ilikuwa katika kupatia, kumbe miaka yote alikuwa ametufundisha kwamba ilikuwa katika kuandika kilichotokea. Nilisikia sheria ya pili tangu utotoni na nikaiacha ipite, kama vumbi kwenye wavu.

Asubuhi alivaa shati la kazi, ingawa haikuwa Jumatatu. Tukavuka barabara, mimi nikiwa na droo tatu kichwani zenye mabuu na pumba zake, yeye ameshika bega langu. Nyumba ya mjane ilikuwa imefungwa. Binti yake mkubwa akasema Mama amerudi Kakontwe. Tukakaa kwenye ngazi ya mlango tukangoja siku nzima. Baba hakutaka maji. Mjane alirudi jioni, mweupe kwa chokaa mpaka kwenye kope, na nikajua kwa kumwona tu kwamba kivuli chake alikikuta na mwenyewe mwingine.

Baba alimwomba kwanza awaite wale wanawake watatu. Walipofika alisimama akasema mbele yao kwamba huyu mama alitwanga kuliko mtu yeyote wa Shituru, kwamba aliyekosa ni yeye, mzee, na kwamba lile neno alilotumia jana anaomba arudishiwe alibebe mwenyewe. Kisha akamweleza mambo ya pumba, kwa ufupi, bila namba. Zimwagwe kama zilivyo. Maganda kidogo. Hakuna kutwanga.

Mjane alichota pumba kwa kile kiganja chake, akaziacha zianguke ndani ya droo polepole, bapa, nene, kama zilivyotoka mashineni. Alinitazama mimi, si baba. Nilitaka anitukane, nilikuwa nimejiandaa tangu usiku.

"Kumbe ningelala," akasema.

Akainua droo ya kwanza akaingia nayo ndani.